Wasomaji Wanauliza: Milima ya Matope na Njia Isiyo na Alama

Barua nyingi za safari hii zinahusu milima ya mvua: tope la kufika magotini, ukungu unaofunga ghafla, na njia isiyo na kibao wala doa la rangi kwenye mti. Tumechagua zinazowakilisha nyingine. Mtaona tunarudia jambo moja katika karibu kila jibu, nalo ni muda. Tope hula muda, na muda ukishaliwa, mwanga wa jua, chakula na joto la mwili navyo huanza kupungua.

SWALI: Ndugu mhariri, ramani inaonyesha kilomita 8 tu kutoka bondeni hadi kambini, na kupanda mita 900. Sisi hutembea kilomita 5 kwa saa bila taabu. Kwa nini wazoefu wanatuambia tutenge siku nzima?

JIBU: Kwa sababu kasi yenu ni ya barabarani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo. Ikigeuzwa kutoka maili na futi inasema hivi: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yenu, kilomita 8 ni saa 1 na dakika 36, na mita 900 ni saa 1 na nusu. Jumla ni saa 3 na dakika 6.

Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye nguvu, ardhi ngumu, mzigo mwepesi, na hakuna kusimama. Sisi hushauri hivi: tope la kifundoni, zidisha kwa 1.5; tope la kufika katikati ya muundi lililochanganyika na mizizi, zidisha kwa 2; msitu au kichaka kisicho na njia kabisa, achaneni na kanuni, hesabuni kilomita 1 kwa saa na mjue inaweza kupungua. Kwa hiyo safari yenu, tope likifika katikati ya muundi, ni kama saa 6 kabla hamjala, hamjavuka mto wala hamjasimama kutazama ramani. Tengeni 8.

Kinachochelewesha zaidi ni idadi ya watu. Mahali pabaya panapopitika na mtu mmoja mmoja, kila mtu akitumia dakika 2, kundi la watu 6 limepoteza dakika 12. Mahali pa namna hiyo pakiwa patano, saa nzima imekwisha. Ndiyo maana tunapendelea kundi la watu 4: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanakwenda kutafuta msaada.

Wekeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, na iandikwe. Kwa mfano, mnaanza saa 1 asubuhi na giza linaingia saa 1 usiku. Mwanga ni wa saa 12. Toeni saa 2 za akiba, zinabaki 10. Ikiwa ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, saa 6 mchana mnageuka, hata kilele kikiwa kinaonekana. Msitegemee kufidia muda wakati wa kushuka. Kwenye tope na mizizi iliyolowa, kushuka huchukua karibu muda ule ule wa kupanda, na huko ndiko vifundo vingi huteguka.

SWALI: Wengine wananiambia nivae gambuti, wengine viatu vya ngozi vya mlimani. Nimsikilize nani?

JIBU: Sikiliza kina cha tope. Kiatu cha mlimani chenye utando wa kuzuia maji kinabaki kikavu hadi maji yapite juu ya shingo yake. Yakishaingia, utando ule ule unayazuia yasitoke, na unatembea siku nzima na maji ndani. Ikiwa tope litazidi kifundo kwa saa nyingi, una chaguo mbili za maana: gambuti, au kiatu chepesi cha kitambaa kinachochuja maji, ukikubali kwamba mguu utalowa.

Katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kinamasi cha Bigo kina sifa yake, na huko gambuti ni vazi la kawaida katika sehemu zenye tope. Viatu vya mlimani hukaa mkobani hadi kwenye miamba na barafu ya juu. Tunaukubali mpango huo, ingawa unaongeza uzito mgongoni.

Gambuti zina kasoro tatu: kisigino hucheza ndani na kuleta malengelenge, soli nyingi huteleza kwenye mwamba uliolowa, na kifundo hakishikwi. Punguza kasoro ya kwanza kwa kuvaa soksi mbili, nyembamba ndani na nene ya sufu nje, na kuongeza soli ya ndani mpaka kisigino kitulie. Zitembelee saa 3 au 4 kwenye mteremko kabla ya safari. Shingo ya buti iishie chini kidogo ya goti. Ikigusa mkunjo wa goti itachubua. Suruali ya mvua ikae nje ya buti, la sivyo mvua itateremka moja kwa moja hadi vidoleni.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni umri wa kiatu. Viatu vingi vya mlimani vina tabaka la povu la poliyurethani kati ya soli na sehemu ya juu. Povu hilo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Kiatu kilichokaa miaka mingi bila kuvaliwa kinaweza kuonekana kipya kabisa na kikaachia soli siku ya kwanza ya tope. Bonyeza pembeni mwa soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogo au povu linamung'unyika, kiache nyumbani. Kwa dharura, zungushia mita 3 za utepe imara wa gundi kwenye fimbo yako, na beba kamba nyembamba ya kufunga soli kupitia chini ya unyayo.

Soksi: jozi mbili za kutembelea na jozi moja ya kulalia isiyotoka kwenye mfuko wake mkavu kwa sababu yoyote ile. Mguu uliolowa na kupoa kwa siku kadhaa mfululizo hufa ganzi, hupauka, huvimba, kisha huuma vibaya unapopata joto. Dawa ni kuupa saa kadhaa za ukavu kila usiku. Asubuhi mnavaa tena soksi zilizolowa. Haipendezi, lakini zile kavu ni lazima zibaki kavu.

SWALI: Wahariri, nitajuaje pale panapokanyagika na pale panapomeza mguu? Na nikinasa nifanye nini?

JIBU: Tofautisha kwanza njia yenye tope na kinamasi. Kwenye njia, tope huwa na sakafu ngumu chini yake, kwa hiyo pita katikati. Wanaokwepa pembeni huua majani yaliyoshika udongo, na baada ya muda mfupi kunakuwa na mifereji mitatu ya tope badala ya mmoja, na mgeni hajui tena njia ni ipi.

Kwenye kinamasi mambo hugeuka. Zulia la kijani kibichi chenye kung'aa, laini, bila kijiti hata kimoja, mara nyingi ni kuvumwani, mimea midogo laini, iliyokalia maji, epuka. Tope jeusi tupu linalong'aa, epuka pia. Tafuta vichuguu vya nyasi, maana mizizi yake imefungamana. Kanyaga katikati ya kichwa chake, usikanyage ukingoni, na usiruke kwa nguvu, kwa kuwa vingine hulala upande vikielemewa. Palipo na vichaka vyenye shina la mti, ardhi huwa imara zaidi. Jaribu kwa fimbo kabla ya mguu: ikizama kupita goti bila kugota, zunguka. Toa mikono kwenye mikanda ya fimbo hapo, kwa sababu fimbo ikinasa huku wewe unaanguka, kiganja kinateguka.

Ukinasa, acha kuvuta. Unapovuta mguu moja kwa moja juu, pengo linalobaki chini ya unyayo halina hewa wala maji ya kulijaza, na hilo ndilo linalokushika. Fungua mkoba, uweke mbele yako au pembeni uwe pa kuegemea. Kaa au lala kinyumenyume ili uzito usiwe wote kwenye unyayo. Sasa zungusha mguu kwa viduara vidogo, polepole, ili maji yapenye hadi chini, ukiinua sentimita chache kwa kila mzunguko. Toa mguu mmoja kwanza. Rudi ulikotoka, kwani huko unakujua. Wenzako wasikuvute mikono kwa nguvu. Wanaweza kukutegua bega na wewe usitoke. Ni nadra tope kummeza mtu mzima mzima. Hatari yake kubwa ni baridi na uchovu wa kupambana nalo.

SWALI: Njia yetu haina alama, na mara nyingine inagawanyika mara tatu. Ipi ni ya watu na ipi ni ya wanyama? Na ukungu ukifunga, dira inasaidiaje?

JIBU: Njia ya mnyama hupita chini ya matawi yaliyo kimo cha kiuno, kisha hugawanyika na kufifia bila sababu ya kueleweka kwa binadamu. Njia ya watu huonyesha matawi yaliyokatwa kwa kifaa, mizizi iliyolika juu na kung'aa kwa kukanyagwa, na vipandio kwenye mteremko mkali. Ukishatembea dakika 5 bila kuona hata dalili moja ya hizo, simama. Rudi hadi dalili ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo na uanzie hapo. Watu hupotea kwa kusema "tutaikuta mbele".

Wazo la pili ni la umbo la ardhi. Unapopanda, migongo ya milima hukutana: ukishika mgongo wowote kuelekea juu, utafika palipo na kilele. Unaposhuka, mgongo mmoja huzaa miwili, miwili ikazaa minne. Kwa hiyo makosa mengi ya njia hutokea wakati wa kushuka, watu wakiwa wamechoka na wakidhani kazi imekwisha. Wakati wa kupanda, kila mgongo unapoungana na mwingine, geuka utazame ulikotoka, maana hivyo ndivyo utakavyopaona jioni. Andika saa na mwelekeo.

Sasa dira. Weka ukingo wa bamba lake kwenye ramani, uunganishe ulipo na unakokwenda, mshale wa safari ukitazama mbele. Zungusha duara lenye namba za nyuzi (digrii) hadi mistari iliyomo ndani yake iwe sambamba na mistari ya kaskazini ya ramani. Kisha rekebisha tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku, ambayo huandikwa pembeni mwa ramani: ikiwa ni ya magharibi, ongeza kwenye nyuzi ulizopata, ikiwa ya mashariki, punguza. Tazama na mwaka wa ramani, kwa kuwa tofauti hiyo hubadilika kadiri miaka inavyopita. Mwisho, shika dira kifuani ikiwa mlalo, mbali na simu na vyuma, na ugeuze mwili wote hadi ncha nyekundu ya sindano ikae ndani ya mshale uliochorwa ndani ya duara.

Kosa la nyuzi 1 hukutoa nje ya mstari takriban mita 17 kwa kila kilomita. Nyuzi 10, ambazo mtu aliyechoka huzikosea kirahisi, ni mita 175. Kwenye kinamasi hutembei mstari ulionyooka hata ukitaka, kwa hiyo usilenge kambi yenyewe. Ikiwa kambi iko kando ya mto, lenga makusudi mita 200 kushoto kwake. Ukifika mtoni unajua bila kubahatisha kwamba unageuka kulia. Ukilenga kambi yenyewe na ukaukuta mto bila kambi, hujui ugeukie upande gani.

Ukungu ukiwa mzito, mtu wa mbele hutembea hadi mwisho wa macho, mwenye dira hubaki nyuma akimwelekeza kushoto au kulia hadi akae kwenye mstari, kisha humfuata. Ni kazi ya polepole, na ni ya uhakika. Umbali hupimwa kwa kuhesabu mguu mmoja tu: kwenye tambarare ngumu, mtu wa kimo cha kawaida hukanyaga mguu wa kushoto mara 60 hadi 70 kwa mita 100. Kwenye tope hatua hufupika na hesabu hiyo hupanda sana, kwa hiyo kila mtu ajipime kwenye tope, na mzigo mgongoni, kabla ya kuitegemea.

SWALI: Si nitumie simu tu?

JIBU: Itumie. Kipokezi cha setilaiti ndani ya simu hakihitaji mtandao. Pakua ramani mapema, zima mawasiliano, na simu itakuonyesha ulipo. Ila kioo kilicholowa hakitii kidole, baridi hushusha betri haraka, na chini ya msitu mnene au korongoni nukta inaweza kukaa makumi ya mita kutoka pale ulipo kweli. Njia iliyorekodiwa na mwingine nayo inaweza kuwa imekatwa na maporomoko ya ardhi. Weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili, ndani ya mfuko wa plastiki, beba chaja ya akiba, na ramani ya karatasi iliyofunikwa isilowe. Tunapenda simu ithibitishe kile ambacho ramani na macho vimeshasema.

SWALI: Mto tuliovuka asubuhi umejaa mchana na kambi iko ng'ambo. Tuvuke?

JIBU: Jibu letu la kwanza ni kungoja. Mito ya milimani hujaa haraka na mingi hupungua haraka mvua ikikoma juu. Saa chache hubadilisha kila kitu. Msivuke ikiwa maji yaendayo kasi yanapita goti, ikiwa ni ya rangi ya udongo hata hamwoni chini, ikiwa magogo yanapita, au mkisikia mawe yakigongana chini ya maji. Sauti hiyo ina maana kwamba maji yana nguvu ya kusogeza mawe, na mguu wa mtu ni mwepesi kuliko jiwe.

Panapovukika, chagueni sehemu pana, maana hapo kina hupungua. Epukeni kona, ambako upande wa nje huchimbika. Tazameni kwanza kilichopo kule maji yanakoelekea: maporomoko au mti uliolala ndani ya maji ni sababu tosha ya kutafuta pengine. Vueni soksi, vaeni viatu. Fungueni mikanda ya mkoba ya kiunoni na kifuani. Mtu peke yake hutazama maji yanakotoka, fimbo mbele yake, akisogea kimshazari na kuhamisha kitu kimoja kwa wakati: fimbo, mguu, mguu. Kundi hujipanga mstari mmoja sambamba na mkondo, mwenye nguvu akiwa upande maji yanakotoka, kila mmoja ameshika mkoba wa mwenzake. Msijifunge kamba mwilini. Mtu aliyefungwa akianguka, kamba humzamisha. Ukichukuliwa, lala chali, miguu mbele.

SWALI: Mwenzetu akianza kutetemeka na kukataa kula, ni uchovu au ni hatari?

JIBU: Chukulieni ni hatari. Halijoto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na nguo iliyolowa pamoja na upepo hunyonya joto la mwili hata mahali ambapo hakuna barafu. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hushika maji na kubaki baridi. Sufu na vitambaa vya sintetiki vina nafuu.

Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kujikwaa, kushindwa kufunga zipu, kuvuta maneno, na kununa bila sababu. Mgonjwa mwenyewe atasema yuko sawa, kwa hiyo msimwulize yeye. Mwambieni ahesabu kutoka 20 kurudi nyuma. Simameni hapo hapo. Tandikeni mkoba na godoro chini yake, kwani ardhi iliyolowa humpoza haraka. Mfunikeni na turubai, mvueni kilicholowa, mvisheni kikavu pamoja na kofia, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimpe pombe, na msimsugue mikono wala miguu. Kutetemeka kukikoma huku bado ni wa baridi na amezubaa, hali imekuwa mbaya zaidi: mshikeni taratibu sana na muombe msaada.

Ishara ya dharura ya milimani ni filimbi au mwanga mara 6 ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, na kurudia. Anayejibu hutoa 3 kwa dakika. Filimbi ikae shingoni. Ndani ya mkoba haimsaidii aliyetengana na mkoba wake.

SWALI: Tukiwa tumepotea kabisa, si kweli kwamba ukifuata kijito kushuka utafika kwa watu?

JIBU: Katika nchi tambarare, pengine. Katika milima mikali kijito hukupeleka kwenye maporomoko ya maji na makorongo yenye mimea iliyosongamana, ambako huwezi kuendelea wala kupanda tena, na kelele za maji humeza sauti ya filimbi. Bakini mahali penye uwazi, nje ya bonde, jifunikeni, mtoe ishara. Msaada utakuja mapema zaidi ikiwa kuna mtu bondeni mwenye karatasi yenye majina yenu, njia mliyokusudia, na saa ambayo akiwa hajasikia kitu kutoka kwenu ataanza kupiga simu.

SWALI: Viatu vilivyolowa, nivikaushe motoni?

JIBU: Hapana. Moto hupasua ngozi na kuyeyusha gundi ya soli. Osha tope lote kwanza, maana likikauka hunyonya mafuta ya ngozi. Toa soli ya ndani na kamba, jaza magazeti, na uyabadilishe baada ya saa moja au mbili, yakishalowa. Viweke kivulini penye upepo, midomo ikitazama pembeni.